Tippu Tip wa Kasongo: bunduki zilimupa jina, baruti ikamuletea kesi

Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao furaha yao ni kukusanya bastola za zamani, zile za kichwa chenye kuzunguka, zinazoitwa revolveri. Mumoja akisikia mwenzake iko na moja ya miaka ya 1870, anapanda treni kwenda kuiangalia. Wanakaa, wanaigeuza-geuza, wanavutana bei mpaka jioni. Akiinunua, hapigi nayo hata sasi moja. Anaipakaa mafuta na kuifungia kwenye kabati. Na kitu cha kwanza anachomuuliza muuzaji si bei. Anauliza ilikuwa ya nani, na ilipita wapi.

Sisi wa Maniema ya kusini tunashangaa kidogo. Watu wa Kabambare na Salamabila wanajua mulio wa bunduki usiku, na hawawezi kuiona kama pambo la nyumba. Lakini lile swali la wakusanyaji ni swali zuri. Bunduki za zamani zilipita wapi? Kumbe nyingi zilipita hapa hapa, njia ya Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, kupanda Kabambare, kutelemuka Kasongo na Nyangwe. Mutu aliyeijua ile njia kuliko wote, na aliyeishi kwa bunduki tangu ujana mpaka uzee, njo huyu tunayetaka kuwaelezea leo: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wazee wetu walimuita Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar, karibu mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mufanyabiashara wa Tabora, na huko alioa katika ukoo wa watemi wa Unyamwezi. Kwa hiyo Hamed alikulia katika jamaa yenye mugongo mumoja pwani na mwingine bara. Akiwa na miaka 12 alianza safari fupi za kutafuta sandarusi. Alipofika miaka 18 hivi baba yake akamupeleka Tabora. Kisha akaanza kusafiri peke yake, kwa mukopo, sababu mali yote ya zile safari ilikuwa ya Wahindi wa Zanzibar. Wao walitoa nguo, shanga na baruti, musafara ukaenda, na ukirudi na pembe za ndovu wanakata deni lao kwanza. Wachimbaji wetu wanaoanza kazi na chakula na vyombo vya négociant wanaifahamu hii hesabu bila kufundishwa.

Alikuwa na akili ya biashara. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kule Urua wakubwa wa musafara waligombania pembe kubwa na kupandisha bei, yeye akanunua zile ndogo ambazo hakuna mutu alizitaka. Akapata faida.

Lakini si akili ya bei iliyomupa jina. Mwaka wa 1867 alifika Itabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, kwa sultani mumoja muzee aliyeitwa Nsama. Nsama aliogopwa kila mahali. Alikuwa ameshawapiga wafanyabiashara wengine na kuwanyang'anya mali. Hamed akaingia ndani ya boma lake na watu wachache tu, wakijifanya wageni wa kawaida. Ghafla mishale ikaanza kuruka, na yeye mwenyewe ikamuchoma. Watu wake wakapiga bunduki. Zilikuwa bunduki za kujaza kwa mudomo, na walikuwa wameshindilia masasi mengi katika kila mututu, kwa hiyo kila mulio uliangusha watu wengi kwa mara moja. Wale wa Nsama hawakuwa wameona kitu kama kile. Walikimbia wakikanyagana mulangoni. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, mule bomani alikuta frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Frasila moja ni kilo 16 hivi, piga hesabu mwenyewe: zaidi ya tani 30 za pembe na tani 11 za shaba ya Katanga, iliyochimbwa na kuyeyushwa na watu wetu kabla hata ya Muzungu wa kwanza kuitia machoni.

Baada ya ile vita watu wa kule wakaanza kumuita kwa mulio wa bunduki zake, tip, tip, tip. Hivyo njo alivyoeleza mwenyewe. Wazungu wengi waliandika kwamba jina lilitoka kwa macho yake yaliyopepesa-pepesa bila kusimama. Inawezekana yote mawili ni kweli. Tunaona tu kwamba kati ya hayo mawili, yeye alichagua lile la bunduki.

Ajabu ni kwamba Maniema hakuipata kwa bunduki peke yake. Alipofika Utetera alikuta sultani mwenye umri mukubwa, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walikuwa wamechukuliwa katika vita zamani na kupelekwa mbali. Hamed alikuwa amesikia hii habari njiani, kwa watu wengine. Akaja akasema kwamba yeye ni mujukuu wa mumoja wa wale dada, kwamba nyanya yake alitoka katika ile nyumba. Muzee akafurahi kupita kiasi, akamukabizi usultani wote, na kila pembe iliyopatikana inchini ikaletwa kwake. Ilikuwa hadithi ya kutunga, na yeye hakuficha alipoisimulia uzeeni. Lakini tusisahau: ule ulimi ulikuwa na bunduki nyuma yake. Mutu mwenye mikono mitupu angeeleza ukoo wake, nani angemusikiliza?

Karibu mwaka wa 1875 akakaa Kasongo, ile ya zamani inayoitwa leo Tongoni, ambapo wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kukuta mabaki ya muji. Kutoka hapo watu wake walienda kila upande. Na hapa hatuwezi kupita haraka. Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengine waliona vijiji vikichomwa usiku, wanaume wakifungwa kwa kamba na kubebeshwa pembe mpaka Ujiji, wanawake na watoto wakigawanywa. Nyangwe ilikuwa imeshaonja kabla yake: tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1871, David Livingstone akiwa palepale, watu wa wafanyabiashara waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kwa ugomvi wa bei ya kuku, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, walikufa kwa masasi ao kwa kuzama katika muto. Tippu Tip hakuwa kwenye lile soko. Lakini alikula matunda ya woga ule, kama wengine wote wa kazi yake.

Sasa tuje kwenye revolveri, sababu ile siku ndiyo ilituvuta kuandika hii habari.

Mwezi wa kumi mwaka wa 1876 Henry Morton Stanley alifika karibu na Kasongo, akitafuta mutu wa kumusindikiza kutelemuka Lualaba. Wakakaa barazani yeye na Tippu Tip. Kama wanaume wawili wapenda bunduki popote duniani, mazungumzo yakaangukia huko. Stanley akasema kwamba iko na bunduki inayotoa masasi 15 kutoka mututu mumoja. Tippu Tip akaelewa kwamba yote 15 yanatoka kwa mara moja. Alikuwa mutu wa bunduki tangu ujana, hakuwa tayari kudanganywa na mugeni. Akamujibu kwa uso mukavu kwamba hata hapa karibu, kwenye muto fulani, kuna upinde unaotupa mishale 20 kwa mara moja, na kila mushale unaua mutu wake. Stanley hakubishana. Alisimama, akatoka nje, akapiga risasi 12 moja baada ya nyingine bila kujaza tena. Kisha akachomoa bastola yake akapiga sita. Akarudi, akakaa.

Tippu Tip na watu wake wakabaki mudomo wazi. Halafu akafanya kile ambacho mukusanyaji wa kweli angefanya: akaomba aonyeshwe namna masasi yanavyoingizwa. Stanley akamuonyesha.

Pengine vijana hawaoni ajabu iko wapi. Muwaulize wazee wawindaji wenye zile bunduki za kienyeji tunazoita pupu. Unamimina baruti mudomoni, unashindilia na fimbo, unatia sasi, unashindilia tena, unatia fataki, unalenga, unapiga mara moja. Ukikosa, nyama iko mbali ao iko juu yako. Zile za gumegume zilikuwa mbaya zaidi, zikinyesha mvua ni fimbo tu. Revolveri iliyofanywa na Mumarekani Samuel Colt, aliyepewa haki ya uvumbuzi kule kwao mwaka wa 1836, iliweka matundu matano ao sita katika kichwa kimoja kinachozunguka. Kila ukivuta jogoo wake nyuma, tundu jipya linakuja mbele ya mututu. Walipoongeza masasi ya ganda la chuma, mvua haikuwa kitu tena. Mutu mumoja kwenye baraza alikuwa sawasawa na watu sita. Tippu Tip, aliyejenga utajiri wake juu ya masasi mengi ya bunduki za kushindilia, alielewa mara moja ni nini kilichokuwa kimekuja kukaa mbele yake.

Walipatana dola 5,000 kwa kumusindikiza. Wakaenda pamoja katika pori la Lualaba mpaka mwisho wa mwezi wa 12, ndui na njaa zikiwamaliza watu, kisha Tippu Tip akageuka kurudi. Pesa hazikufika zote kama alivyotegemea. Miaka yote iliyofuata alilalamika kwamba badala ya haki yake, Stanley alimutumia picha yake mwenyewe.

Tuseme kidogo juu ya zile bunduki zilitoka wapi. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar aliandika kwamba kila mwaka kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zinaingia bara la Afrika kwa pwani ile. Zilikuwa bunduki ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezitupa kwa kupata mpya. Zingine zilifanywa kwa bei ya chini kwa ajili ya Afrika tu, na muji uliozifanya kwa wingi ni Liège, kule Ubelgiji. Liège ilikuwa muji wa wachimbaji wa makaa ya mawe na wa mafundi wa bunduki, kazi mbili zikikaa mutaa mumoja. Hapo hapo, ndugu wawili wa jina la Nagant walitengeneza revolveri ambayo maofisa wa jeshi la Ubelgiji walipewa kuanzia 1878. Leo iko kati ya zile ambazo wakusanyaji wanazitafuta sana. Kwa hiyo siku Wabelgiji na wangwana walipokutana hapa kwetu, fundi mumoja wa Liège angeweza kuwa amewalisha wote wawili.

Mwaka wa 1887 Stanley alirudi Zanzibar. Léopold wa pili alikuwa anajiita mwenye Kongo, lakini kituo chake cha Stanley Falls, Kisangani ya leo, kilikuwa kimeshambuliwa na wangwana mwaka uliotangulia. Tarehe 24 mwezi wa pili Tippu Tip akatia saini: atakuwa gavana wa Falls kwa mushahara wa paundi 30 kila mwezi. Wengine wanamucheka kwa ule mushahara, mutu wa tani za pembe. Sisi tunafikiri alishaona mbele. Sultani Barghash alikuwa ameshapoteza karibu bara yote kwa Wazungu, na Tippu Tip alikumbuka baraza ile ya 1876. Wakapanda meli pamoja, wakazunguka Afrika kwa kusini mpaka mudomo wa muto Kongo. Safari hii Stanley hakubeba bastola tu, alikuwa na Maxim, bunduki ya kwanza inayojijaza yenyewe na kumwaga masasi kama mvua ya mawe.

Katika mapatano Tippu Tip aliahidi wapagazi 600 wa Maniema, watakaobeba masasi kumupelekea Emin Pasha upande wa ziwa Albert. Baruti na fataki za wale wapagazi zilipaswa kutoka kwa Stanley. Hapo njo shida ilianzia. Tippu Tip alisema baruti haikutolewa, na kwamba hawezi kupeleka watu katika pori lile na bunduki tupu. Stanley alisema ni ujanja. Yeye akaendelea mbele, akawaacha wenzake Yambuya, ambao walingoja kuanzia mwezi wa sita 1887 mwaka muzima, wakizika watu karibu kila siku. Mwishoni Tippu Tip akawapa wapagazi karibu 400.

Mukubwa wa wale waliobaki alikuwa Mwingereza, majeri Barttelot, mutu wa hasira. Tarehe 19 mwezi wa saba 1888, kule Banalya, mwanamuke wa Maniema aliamuka alfajiri akapiga ngoma na kuimba kama desturi ya kwao. Barttelot akatoka nyumbani mwake akienda kumunyamazisha, revolveri mukononi. Mume wa yule mama, Sanga, akapitisha bunduki yake katika tundu la ukuta na kumupiga mara moja. Mara moja ilitosha. Revolveri yenye matundu sita ilianguka chini bila kusaidia kitu. Sanga alihukumiwa Stanley Falls, mbele ya gavana Tippu Tip, na akauawa. Hatujui kama gavana alilala vizuri ule usiku. Yeye ndiye aliyemutuma yule mutu kule.

Stanley aliporudi pwani akamushitaki Tippu Tip kule Zanzibar, akidai paundi 10,000, na pesa zake zilizokuwa kwa Muhindi Taria Topan zikafungwa. Njo maana mwaka wa 1890 Tippu Tip akaondoka Falls, akapita Kasongo, akaenda pwani kujitetea, na alifika Zanzibar mwaka uliofuata. Kesi iliishia hivi hivi, Stanley aliiacha. Lakini Tippu Tip hakuiona tena Maniema.

Ule mwaka wa 1890, mwezi wa saba, mataifa makubwa yalitia saini kule Bruxelles kukataza bunduki za kisasa zisiuziwe watu wa Afrika ya kati. Walisema ni kwa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini amri haikugusa zile za maofisa wao. Mwisho wa 1891 kapiteni Bodson akamupiga Msiri wa Katanga na revolveri katika muji wake mwenyewe, yule Msiri ambaye mafundi wake walijua kufanya masasi kwa shaba. Bodson naye akauawa palepale.

Zamu ya Kasongo ilifuata. Sefu, mutoto wa Tippu Tip, aliyebaki kulinda mali ya baba, aliingia vitani na watu wa Léopold. Ngongo Lutete, aliyekuwa mukono wa kuume wa wangwana, alikuwa ameshavuka upande wa Wazungu na watu wake na bunduki zao. Dhanis akachukua Nyangwe tarehe 4 mwezi wa tatu 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Munganga wao Mwingereza, Hinde, aliandika kwa mushangao juu ya mashamba ya muchele, miwa na machungwa waliyoyakuta. Sefu alikufa kabla ya mwaka kuisha. Ngongo Lutete alipata malipo ya ajabu: mwezi wa tisa wale wale aliowasaidia wakamupiga risasi kule Ngandu, kwa shitaka la usaliti. Mwezi wa kwanza 1894 Kabambare ikaanguka na Rumaliza akakimbilia ziwa. Wengi wa wale waliobeba bunduki za wangwana wakavalishwa nguo za Force Publique, wakapewa Albini, na vijiji vilivyokimbia pembe vikaanza kukimbia mpira.

Tippu Tip alizisikia hizi habari akiwa Zanzibar, barua baada ya barua. Alikuwa na mashamba, alikuwa na nyumba kubwa Shangani, alikuwa na wageni Wazungu waliotaka kusikia hadithi zake. Karibu na mwisho akaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mudachi Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Hakuna toba mule ndani. Watumwa wanapita katika kurasa kama mizigo, bila majina. Lakini ile siku ya barazani na Stanley aliiandika yote, hesabu ya risasi 12 na zile sita, kama mutu aliyekuwa bado anazisikia.

Alikufa kwa malaria mwezi wa sita mwaka wa 1905. Nyumba yake ya Shangani ingali imesimama, familia mbalimbali zimekaa ndani, na mulango wake wa mbao za kuchongwa watalii wanaupiga picha kila siku. Tongoni hakuna mulango. Kuna majani, na ukichimba kidogo, vipande vya vyungu.